Soketi ya Dirishani

Sura ya Tisa

Fundi alikuwa hajaigusa chai yake. Ilikaa mezani mpaka ikaweka utando, naye akaikodolea macho kana kwamba ndiyo inayohojiwa.

"Kesho saa tatu asubuhi unasomewa mashtaka," Inspekta alimwambia. "Kusababisha kifo kwa uzembe. Hilo si jambo la kulinyamazia."

"Nimeshasema, afande. Sina la kuongeza."

"Ulichosema hakijajaza nusu ukurasa. Jina, umri, kazi. Hata mke wako pale kwenye benchi amesema mengi kuliko wewe, na yeye hakuwepo."

Fundi akainama. Alikuwa mtu wa makamo, mikono mikubwa, kucha zimekatwa vizuri, na siku tatu za mahabusu hazikuwa zimemwondolea adabu ya kukaa wima mbele ya mwanamke mwenye nyota begani.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ndio uliomkera Inspekta. Jumamosi iliyopita duka kubwa la mtaani lilizindua chaja nne mpya za magari ya umeme kwenye maegesho yake, juu ya mbili zilizokuwepo. Asubuhi hiyohiyo, katika uchochoro wa nyuma ya duka, mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa akipumua kwa mashine ya oksijeni alikutwa amekufa kitandani, mashine kimya. Duka na uchochoro vinakula umeme wa transfoma moja. Wiki mbili kabla, wakazi walikuwa wamemwandikia meneja barua: chaja zikizidi mbili, umeme utafifia, na mashine ya Mwalimu haivumilii umeme uliofifia, hujizima. Meneja akaiweka barua kwenye droo. Watu wakajumlisha mbili na nne, wakapata sita, na aliyeziwasha hizo sita alikuwa fundi umeme wa duka.

Kituoni walimwita Inspekta Bibi Taratibu, akiwa hayupo. Jina alilijua na hakulichukia. Jibu lililopatikana upesi alikuwa akiligeuza kama mtu anunuaye nyanya, kuona upande wa pili umeoza kiasi gani.

"Meneja amekuahidi nini?" akauliza.

Fundi akainua kichwa. "Nani kasema ameniahidi?"

"Mtu asiye na ahadi hupiga kelele. Wewe umetulia kama umekata tiketi."

Pembeni, Koplo aliacha kuandika akaanza kuipigia hesabu ile chai, kama mwenyewe haitaki.

"Wakili," Fundi akasema mwishowe. "Alimtuma mtu aniambie nikae kimya. Duka litaniwekea wakili, na kazi yangu itanisubiri."

"Wakili amefika?"

"Bado."

"Basi kesho ndiyo kesho. Jumamosi uliwasha chaja ngapi?"

"Mbili."

Koplo akacheka. "Mzee, picha zipo. Taa sita za kijani, mgeni rasmi katikati na mkasi wake."

"Taa sita," Fundi akasema. "Chaja mbili. Zile mpya sikuziunga na umeme. Taa zake niliziwashia betri za tochi. Mgeni rasmi akachomeka, ikawa kijani, watu wakapiga makofi. Hakuna gari lililoingiza hata chembe."

"Kwa nini?"

"Mwalimu alinifundisha kuandika, afande. Darasa la pili. Ile barua ilipokuja aliniita nyumbani kwake, akanionyesha mashine. Akaniambia, atakayewasha si meneja, ni wewe. Nikamuahidi hazitazidi mbili mpaka iletwe transfoma kubwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Meneja akijua nilimfanyia mchezo mbele ya wakubwa zake, kazi sina. Nikaona nikinyamaza, kweli itajitokeza yenyewe."

"Kweli haina miguu," Inspekta akasema, akasimama. "Kunywa chai, au mpe Koplo."

*

Kwenye geti la duka wakazi kama thelathini walisimama na mabango. Mbele yao alikuwa mtoto wa marehemu, dereva wa teksi, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa amemzika mama yake jana na leo sauti imemkauka. Alishika spika ya mkononi. "Muuaji afungwe!" alisema, na wenzake wakaitikia. Inspekta alimpa pole kwa kichwa, akapita.

Meneja aliwapokea kwenye maegesho, tai shingoni, jasho kwenye tai.

"Mimi nauliza, kosa letu ni nini?" alianza kabla hajaulizwa. "Kila duka kubwa litafanya hivi, leo au mwakani. Mtu akichomeka gari lake hawezi kuondoka. Atakaa wapi? Ndani. Akikaa ndani atanunua. Sisi tunampa umeme, yeye anatupa saa yake nzima. Nani ameumia hapo?"

"Wanasema duka kazi yake kuuza unga na sabuni," Koplo akasema. "Umeme wa mtaa si wenu kuugawa."

"Na wanaosema hivyo, ndugu yangu, kesho wakinunua gari la umeme watakuwa wa kwanza kwenye foleni."

Inspekta hakuwa akisikiliza. Alisimama mbele ya bango lililofungwa kwa skrubu ukutani, juu ya chaja mbili za zamani. KWA WANAONUNUA TU. TEKSI HAPANA. Herufi zilikuwa nzuri, zimenyooka, kila moja imekaa kwenye mstari wake kama daftari la mtoto mwenye bidii.

"Hili limewekwa lini?"

"Wiki ya tano sasa. Madereva wa teksi walikuwa wanakuja asubuhi, wanachomeka, wanalala garini midomo wazi. Hawanunui hata kiberiti! Wateja wanakosa nafasi. Nikasema basi."

"Wakaenda kuchajia wapi?"

"Sasa hilo, mama, mimi nalijuaje?"

Koplo alifungua kifuniko cha chaja mpya ya kwanza kwa bisibisi ya Fundi, iliyokuwa miongoni mwa vitu vyake vilivyohifadhiwa kaunta ya kituo. Chini, nyaya nene zilizotoka ardhini zilikuwa bado zimevishwa kofia za plastiki za kiwandani, hazijaguswa. Juu, nyuma ya taa, betri tatu za tochi zilifungwa kwa utepe mweusi. Akafungua ya pili, ya tatu, ya nne. Zote vilevile. Meneja alizitazama betri zile, na rangi yake ikabadilika mara mbili.

"Amenidanganya," alinong'ona. "Mbele ya mkurugenzi."

"Shukuru," Inspekta akamwambia.

Saa moja baadaye kampuni iliyoleta chaja ilituma kwenye barua pepe ya kituo kumbukumbu za zile mbili za zamani. Chaja hizo, kumbe, hujiandikia nguvu ya umeme kila dakika. Jumamosi, tangu saa mbili hadi saa sita mchana, mstari ulikwenda umenyooka, haukushuka popote. Umeme wa transfoma ile haukufifia. Haukukatika.

Inspekta akampigia mwendesha mashtaka akiwa bado maegeshoni.

"Karatasi ya kampuni inayoliuzia duka chaja?" yule bwana akasema. "Wakili wa familia ataichana dakika ya kwanza. Na hizo betri, watasema ziliwekwa baadaye. Mashine ilizimika, Inspekta. Kama haikuzimwa na umeme, ilizimwa na nani? Niletee huyo, au kesho fundi wako anapanda kizimbani."

Alipokata simu, Koplo alikuwa anatafuna karanga. "Ndani ya ile nyumba alikuwa na nani mwingine?"

"Mdogo wake," Inspekta akasema. "Twende."

*

Mdogo wa marehemu alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, khanga mbili, macho yamevimba. Waombolezaji walikuwa wameshapungua. Vyombo vya kuazima vilipangwa ukumbini vikisubiri wenyewe.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa." Akawafungulia chumba. "Sijakigusa. Mlisema nisikiguse."

Kilikuwa chumba kidogo, safi. Kitanda, kabati, meza yenye saa ya kengele na miwani, dirisha moja la kuelekea uchochoroni, lenye nondo. Mashine ya oksijeni ilisimama kati ya kitanda na dirisha, na ubavuni imefungwa kwa kamba daftari la nesi.

Koplo alianza bila kuzunguka. "Mama, Jumamosi uliondoka saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro."

"Kwenda?"

"Dukani. Kwenye uzinduzi."

"Mlikuwa mnapinga chaja, halafu unakwenda kwenye uzinduzi?"

"Walikuwa wanagawa mifuko." Akaunyooshea kidole mfuko mpya wa nguo, wenye nembo ya duka, uliotundikwa nyuma ya mlango. "Wa bure. Nimemwacha dada yangu peke yake kwa ajili ya mfuko, mwanangu. Niulize utakalo, hakuna swali litakaloniuma kushinda hilo."

Koplo hata hivyo aliuliza. "Nyumba hii sasa ni ya nani?"

"Ya mtoto wake. Mimi ni mgeni hapa tangu mume wangu alipofariki. Ulitaka nimuue dada ili nifukuzwe?"

Koplo akatafuta pa kuweka macho. Inspekta alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine.

"Nionyeshe picha zako za Jumamosi," alimwambia.

Koplo akamletea simu. Picha ya tatu ilionyesha mashine kama ilivyokuwa polisi walipofika: waya wake umekunjwa vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, ukafungwa kwa mpira wa nywele na kulazwa juu ya mashine.

"Nani alikunja waya huu?"

"Sisi tuliukuta hivyo. Nilidhani majirani, walipokuwa wanamweka sawa marehemu."

"Mimi nilidhani nyie polisi," mdogo wa marehemu akasema. "Huo mpira ni wa dada. Hivyo ndivyo anavyokunja kila kitu. Hata kamba ya kuanikia nguo."

Siku tatu watu wazima wote walikuwa wameipita picha ile, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyefanya usafi. Inspekta alijisikia vibaya, na alistahili. Umeme ukifa, mashine hufa plagi ikiwa ndani ya soketi. Hii ilikuwa imechomolewa, na aliyeichomoa hakuwa na haraka.

Akafungua daftari la nesi. Mashine ilikuwa na kidude cha kuhesabu saa inazofanya kazi, kama kile cha kilomita cha gari, na kila Ijumaa nesi aliandika hesabu ya wiki.

"Wiki ina saa ngapi, Koplo?"

Koplo akapiga hesabu kwa midomo. "Mia na sitini na nane."

"Sikiliza. Mia na sitini na saba. Mia na sitini na sita. Mia na sitini na saba. Hapo anaitoa kwenda kuoga tu. Halafu, wiki nne zilizopita, mia na hamsini na saba. Mia na hamsini na sita. Saba. Saba."

"Saa kumi zimepotea kila wiki."

"Karibu saa moja na nusu kwa siku."

Akampigia nesi. Nesi alijibu haraka, kwa sauti ya mtu aliyekwishajiuliza mwenyewe. "Nilimuuliza, afande. Akaniambia umeme wa huku siku hizi unakatikakatika. Nikaandika hivyo, na wakazi wakaweka kwenye barua yao. Nilimkumbusha asikae bila mashine zaidi ya robo saa. Ijumaa hii iliyopita alikuwa na mafua mabaya, nikarudia tena. Akanijibu, mwanangu, mimi nimefundisha miaka thelathini na nane, kuambiwa mara mbili ni kwa wavivu."

Inspekta akairudisha simu mfukoni, akaichukua saa ya kengele. Mshale wa kengele ulikuwa saa nne na nusu.

"Mama, dada yako aliamshwa saa nne na nusu kwa ajili ya nini?"

"Dawa, alisema."

"Dawa zake ni asubuhi na jioni, na chakula. Imeandikwa hapa."

Inspekta akahesabu kurudi nyuma kwa vidole: saa nne na nusu, toa saa moja na nusu. Saa tatu.

"Saa tatu asubuhi wewe huwa wapi, mama? Si Jumamosi tu. Siku zote."

"Sokoni. Nauza mboga mpaka saa tano."

"Chumba hiki kina soketi ngapi?"

"Mbili. Hii ya dirishani, na ile nyuma ya kabati. Ile iliungua mwaka juzi, dada akaisukumia kabati kuificha. Hakupenda kitu kibovu kionekane."

"Nani anajua imeungua?"

"Mimi na yeye."

Inspekta akaenda dirishani. Nondo ya chini, pembeni kabisa, rangi yake ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa, upana wa kidole gumba. Akachungulia nje. Ukutani, kwenye udongo laini, kulikuwa na alama za matairi, moja juu ya nyingine, za gari lililozoea kusimama hapo.

"Nani anaegesha hapa?"

"Mtoto wake." Mama yule alitaka kuongeza neno, akasita. "Nilimkataza kuchajia hapa. Nilimwambia nyumba hii kongwe, nyaya za zamani, na mama yako anategemea mashine. Aliniapia hatafanya. Gari lake ni hizi za umeme."

Koplo alimtazama Inspekta. Hakukuwa na karanga mdomoni.

"Kamlete," Inspekta akasema. "Bila pingu. Na spika aiache getini."

*

Dereva aliingia chumbani akiwa bado anahema kwa kelele za getini. Alipomwona mama yake mdogo amekaa kwenye kona, na Inspekta amesimama dirishani, alipunguza mwendo.

"Mmempata?" akauliza. "Kuna mtu mwingine?"

"Kaa. Kwenye maelezo yako ulisema Jumamosi ulifika saa tano kumjulia hali mama. Kabla ya saa tano ulikuwa wapi?"

"Kijiweni. Na wenzangu."

"Na gari?"

Akatazama dirisha. Ilimchukua muda kurudisha macho.

"Lilikuwa hapa," akasema. "Nisamehe, Mama Mdogo. Tulifukuzwa dukani. Nyumbani kwangu ni ghorofa ya tatu, waya haufiki chini. Mama ndiye aliyeniita. Akasema, hilo bango lao lisikunyime usingizi, njoo uchomeke kwa mama yako." Akamgeukia Inspekta. "Sikusema kwa sababu niliona halihusiani, afande. Umeme ulififia, mashine ikajizima. Gari linavumilia umeme mdogo, mashine haivumilii. Kila mtu anajua."

"Mlikuwa mnafanyaje? Nieleze kila hatua."

"Nakuja saa tatu. Napitisha waya dirishani, yeye anaupokea, anachomeka. Mimi nakwenda kijiweni."

"Huingii?"

"Alikuwa hataki. Atasema nitamkanyagia sakafu yake."

"Anachomeka soketi ipi?"

"Ile ya nyuma ya kabati. Hii ilikuwa ya mashine."

"Ulimwona?"

"Aliniambia."

Inspekta alihema. Angeweza kumwambia. Lakini kwa mahakama, na pengine kwa huyu kijana mwenyewe, neno la polisi lingebaki neno la polisi.

"Koplo, saidia kabati. Wewe, una chaja ya simu? Chomeka."

Kabati lilisogea likilia sakafuni. Soketi ilikuwa nyeusi upande mzima, plastiki imeyeyuka na kuganda, tundu moja limezibika kabisa. Buibui alikuwa amejenga juu yake. Dereva aliisimamia na chaja mkononi. Hakuichomeka, maana hapakuwa na pa kuchomeka.

"Imeungua lini hii?" akauliza.

"Mwaka juzi," mama yake mdogo akasema kwa sauti ya chini.

Nje, wakazi walikuwa bado wanaimba getini, na bila yeye walikuwa wanakosea zamu za kuitikia. Dereva aligeuka akaitazama soketi ya dirishani, kisha mashine, kisha waya uliokunjwa kwa mpira wa nywele. Mtu huwa na namna yake ya kufika mahali asipotaka kufika, na yeye alifika polepole, akigusa kila kitu kwa macho.

"Alikuwa anachomoa," akasema.

"Ndiyo."

"Kila siku."

"Saa moja na nusu. Halafu kengele inamwamsha, anarudisha mashine kabla wewe hujafika. Jumamosi alikuwa na mafua. Usingizi wa mtu aliyepungukiwa na hewa ni mzito. Nadhani hakuisikia."

"Alikuwa ananipigia simu," Dereva akasema. "Saa nne na nusu juu ya alama. Njoo toa waya wako, imetosha. Wiki nne hakukosea hata dakika. Jumamosi hakupiga. Nikasema ngoja nimwache apumzike." Akakaa kitandani, akaruka tena kama kimemchoma. "Nilipofika saa tano niliangalia gari kwanza. Chaji ilikuwa imezidi kuliko siku zote. Nikafurahi, afande. Nilikuwa nimeshafurahi, ndipo nikamwita."

Mama yake mdogo akaanza kulia.

"Waya ulikuwa wapi ulipomkuta?"

"Nilitoka nje nikauvuta. Nguvu zote. Majirani walikuwa wanakuja, nikaona aibu, Mama Mdogo atajua sikutimiza ahadi." Sauti yake iliyokauka sasa ilikatika kabisa, akawa anasema kwa pumzi tu. "Nilivuta kutoka soketi ileile na sikujua."

Inspekta alimpa muda. Haukuwa utaratibu, lakini alimpa. Kisha akasema lililobaki, maana lisiposemwa na yeye lingesemwa na mwingine vibaya zaidi.

"Hakuna kosa nitakaloliandika juu yako. Hukujua, na yeye alihakikisha hujui. Lakini kuna mtu mahabusu, na kesho saa tatu anasomewa mashtaka. Bila maelezo yako, karatasi zangu hazitamtoa. Na maelezo haya yatasomwa mahakamani. Mtaa mzima utasikia."

"Nimemwita muuaji," Dereva akasema. "Siku tatu. Kwa spika."

"Ndiyo."

Akaichukua saa ya kengele mezani, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama. Kisha akairudisha palepale ilipokuwa.

"Twende nikaandike," akasema.

*

Maelezo yalichukua saa mbili, kwa sababu Dereva alisahihisha kila mstari uliompendelea. Mwendesha mashtaka aliyasoma akiwa amesimama, akavua miwani, akasema tu, "Mwachie." Meneja alipiga simu mara tatu kuuliza kama duka limesafishwa na kama sasa anaweza kuzifungua zote sita. Mara ya tatu Inspekta alipokea mwenyewe.

"Swali la chaja kapambane nalo na mtaa," akamwambia. "Wewe njoo kesho unieleze habari za wakili."

Fundi alitolewa akiwa ameshika mkanda wake mkononi. Mke wake aliinuka kwenye benchi, akakaa, akainuka tena. Kwenye kaunta Koplo akamrudishia vitu vyake kimoja kimoja: funguo, simu, viatu, bisibisi. Fundi akatia sahihi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, umenyooka, kila herufi kwenye mstari wake. Inspekta aliuona, na palepale akajua ameuona wapi.

"Nani alizima mashine, afande?" Fundi akauliza.

Dereva alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti cha pembeni, amekuja mpaka mbele ya Fundi, na ndiye aliyejibu. Alieleza yote kwa sentensi nne au tano, za duka kufukuza teksi, za waya wa dirishani, za soketi iliyoungua. Alipomaliza akasema, "Nisamehe, kaka. Nimekutukana mbele ya watu."

Fundi alisikiliza kichwa chini. Mke wake alikuwa anamvuta mkono, twende, twende sasa. Hakwenda.

"Mimi nilimtunzia ahadi yake," akasema. "Chaja mbili, hata moja haikuzidi. Nilikaa mle ndani nikijua sikumkosea." Akaitazama bisibisi kaunta. "Lile bango la teksi niliandika mimi. Niliagizwa, lakini mkono ni wangu."

Dereva akaitazama sahihi ile kwenye kaunta.

"Nililisoma kila siku," akasema. "Mwandiko mzuri. Mama angekupa alama zote."

Fundi akachukua bisibisi kutoka kwenye kaunta, akatoka. Mke wake akamwambia nyumbani ni huku. Akasema anajua, lakini anapitia dukani kwanza.